Dirisha la Barica Školibar

Asikwambie mtu kwamba Barica Školibar aliuawa na upepo. Hapa Podgrabar utaambiwa hivyo, tena kwa kiapo, na mwanamke aliyeshika kikapu cha mayai mkono mmoja na rozari mkono wa pili. Mfyuu! Mimi nilikuwemo chumbani. Mimi Jagica Kranjčec, niliyecheza naye matopeni tukiwa watoto, nikaja kuimba nyuma yake katika kwaya ya opera kule Zagreb mpaka mgongo ukapinda, ndiye niliyelifungua hilo dirisha. Kaeni niwaeleze toka mwanzo, maana nikianzia mwisho nitatapika.

Kwetu kuna kitu kinaitwa propuh. Ni ule upepo mwembamba unaoingia dirisha hili na kutokea mlango ule, na watu wa kwetu wanauogopa kuliko vita. Vita tumepigana, tukarudi, tukachinja nguruwe, tukasahau. Lakini mtoto akikaa kati ya madirisha mawili yaliyo wazi, bibi yake atapiga ukunga mpaka majirani watoke. Jino likiuma, propuh. Shingo ikikakamaa, propuh. Mume wa dada yangu alipotoroka na mhudumu wa baa, mama mkwe wa dada alisema, nami nilisikia kwa masikio haya, kwamba mwanawe alipigwa na propuh kichwani. Basi hao ndio watu ninaowazungumzia.

Barica alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kanisani. Mama yake, Kata, alikuwa mwanzishaji wa nyimbo. Kila Agosti, sikukuu ya Bibi Maria Kupalizwa, wanawake wa kijiji wanatembea nyuma ya sanamu kutoka kanisani mpaka kisimani na kurudi, wakiimba kwa sauti ya kifua, ile ya kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde. Mmoja anaanzisha, wengine wanamdaka. Na ukikosea unafokewa hapo hapo, katikati ya wimbo, mbele ya padri na sanamu yenyewe. Hakuna anayenuna. Mgeni hafokewi, mgeni anaachwa aharibu atakavyo. Anayefokewa ni wa kwetu.

Namkumbuka Barica akiwa na meno ya mbele hayapo, anatembea pembeni ya mama yake, sauti inampaa kama kishada. Nyuma yake mama mmoja akanguruma, "Shuka, we kifaranga! Unapanda wapi?" Barica akashuka, akageuka kunitazama, na ule mwanya wake ukacheka wote. Siku ile alikuwa ameingia safuni.

Baada ya hapo Kata akaanza kuilinda ile sauti. Lo! Kuilinda huko. Mafuta ya bata bukini shingoni asubuhi na jioni, juu yake kitambaa cha sufu, juu ya sufu karatasi, na majira ya joto kitu hakivuliwi. Mafuta yanachacha, jasho linatiririka, nzi wanamfuata hadi shuleni. Alinuka, jamani. Hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja ila mimi, kwa kuwa na mimi mama alinipaka yale yale.

Mpiga kinanda wa kanisa ndiye aliyetupeleka Zagreb tukiwa wasichana. Tukaimba mbele ya wazee watatu waliokuwa wanakula. Mimi nikatiwa kwayani. Barica akapelekwa mbele. Sikumwonea wivu, na asiyeamini shauri lake. Mbele nilikuona kulivyo.

Watu wa viti vya velveti waliona mawaridi. Mimi niliona ndoo. Kila alipotakiwa kutoka jukwaani, Barica alitapika kwanza kwenye ndoo nyuma ya pazia, akajifuta kwa kiganja, akatoka akaimba watu wakalia. Nguo alizovishwa zilikuwa na jasho la wanawake waliokufa kabla yetu, zimekauka kwapani zikawa ngumu kama ngozi ya mbuzi. Mwimbaji mwenzake, mwanamume mzuri wa sura, alikula soseji na vitunguu saumu kabla ya kila onyesho, kisha akamwimbia mapenzi puani. Na mkurugenzi wetu! Mikono yake ilikuwa na majimaji daima, na kila mahali ilipopita kiunoni mwa msichana iliacha alama kwenye hariri. Tulimwita Konokono. Alipokufa walimwekea sanamu ya kichwa kwenye ngazi, na Barica akipita alikuwa akiweka ganda la chungwa juu ya upara wake. Huyo ndiye Barica wangu, si yule wa kwenye mabango.

Kutoka Zagreb akachukuliwa Vienna. Kule wakasema jina lake linawapa shida, wakamnyoa ile alama ya juu ya herufi ya kwanza, akawa Skolibar, jina lisilo la mtu yeyote. Alizunguka dunia. Jukwaani alikufa mara nyingi kuliko paka, kwa sumu, kwa kisu, kwa mapafu, na kila akifa watu walisimama kumshangilia. Akanitumia kadi kutoka kila mji, na kila kadi ilikuwa na swali lile lile: "Mwaka huu nani kaanzisha Kupalizwa?"

Kisha mwaka mmoja akaja mwenyewe. Mama yake alikuwa ameshafariki. Alishuka kwenye gari na koti la manyoya, na kijiji kizima kikasimama kulitazama koti. Wengine walikuwa wameshaanza yao, "mkataa kwao mtumwa", na kadhalika. Lakini asubuhi ya sikukuu Barica akalivua koti, akajifunga kitambaa kichwani kama wanawake wengine, akaingia safuni mahali pa mama yake, akavuta pumzi, akaanzisha.

Wote wakanyamaza.

Hawakuwa na ubaya. Hilo ndilo linalonichefua zaidi, kwamba hawakuwa na ubaya! Walinyamaza kwa heshima. Barica aliimba ubeti mzima peke yake, anatazama kulia, anatazama kushoto, anawangojea wamdake kama walivyomdaka mama yake. Waliinamisha vichwa. Alipofika mwisho wakapiga makofi. Makofi! Nyuma ya Bibi Maria! Padri naye akaubana msalaba kwapani ili apate mikono ya kupigia.

Nilimkuta nyuma ya kanisa, ameegemea ukuta, kamasi zinamtoka.

"Jaga, wamenipigia makofi."

"Si wamekupenda, shoga?"

"Mama yangu hakupigiwa makofi hata siku moja."

Alijaribu tena miaka iliyofuata. Aliingia mwisho wa safu, akaimba kwa kunong'ona. Wakimwona tu, kimya, tabasamu, makofi. Mwaka mmoja alinijia na hasira zake.

"Hakuna hata mmoja aliyeniambia nimekosea!"

"Kwani ulikosea?"

"Nilikosea ubeti mzima, Jaga! Makusudi! Nilipanda pasipopandwa, nikaimba maneno ya Krismasi! Na yule Mara Cesarec, anayemfokea hata padri, ananiambia, 'Ah, bibi mkubwa, kama malaika!' Malaika gani huyo asiyejua Agosti na Desemba?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Akaacha kuja kwenye sikukuu.

Sauti ilimwacha kama inavyotuacha sote, ila yake iliondoka hadharani, na magazeti yakaifuata mpaka mlangoni. Madaktari wakamchokonoa koo, kikabaki kitu cha kukwaruza kama bawaba ya lango. Akarudi Podgrabar, kwenye nyumba ya marehemu kaka yake, juu ghorofani, chini wakikaa mtoto wa kaka yake Drago na mkewe Višnja. Mimi nilikuwa nimesharudi zamani. Tukawa wazee wawili tunaomenya maharage barazani na kusengenya. Ilikuwa miaka mizuri, na watu walituacha, kwa sababu mtu mashuhuri akishakuwa anamenya maharage hana faida tena.

Halafu akaugua. Hapo ndipo faida ilipoonekana. Nyani haoni kundule, lakini la mgonjwa wote waliliona.

Moyo ulikuwa umechoka na mapafu yamejaa maji. Daktari alisema ni suala la wiki. Drago na Višnja wakaanza kumhudumia, na Mungu aniepushe na huduma ya namna ile. Dirisha walilifunga, wakaziba nyufa kwa matambara, juu ya matambara wakabandika utepe mpana wa gundi, pande zote nne. Mwezi wa nane huo! Mle ndani palikuwa na karafuu maiti, mafuta ya bata bukini (ndiyo, yale yale, Višnja aliyafufua), chungu cha mkojo chini ya kitanda, na maua ya wageni yanaozea kwenye maji yake. Nzi walikuwa wanatembea, hawaruki, wameshiba. Nilipoingia mara ya kwanza nilishika kizingiti.

Na wageni! Alikuja mwalimu Vilim Mikac, mwenyekiti wa chama cha utamaduni cha wilaya, mtu mwenye mba mabegani na sigara isiyozimika. Alisimama juu ya Barica akadondosha majivu kwenye shuka, kisha akatoa utepe mfukoni akaanza kupima kitanda. Kitanda, na mtu yumo ndani! Walikuwa wanataka chumba kiwe makumbusho.

"Msijali, bibi mkubwa," anasema, "tutakiacha kama kilivyo."

"Na chungu?" Barica akauliza.

Mikac akakitazama chungu. Akaonekana anafikiri kweli. Ptuu!

Siku chache kabla ya Kupalizwa, Barica alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, pete imezama nyamani.

"Jaga, safu itapita hapa chini."

"Inapita kila mwaka."

"Nataka niwasikie. Dirisha lifunguliwe. Sitaki kingine. Siwataki hawa, simtaki Mikac, simtaki hata askofu."

Nikamwambia Drago. Drago si mtu mbaya, ni mnene na mwoga. Akaja mbio, jasho linamtoka.

"Shangazi, haiwezekani! Propuh utakuua!"

"Drago, mwanangu, nakufa hata hivyo."

"Ndiyo, shangazi, lakini si kwa propuh!"

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakutania. Na Višnja, aliyesimama mlangoni na sinia, akaongeza la kwake, uso unang'aa kwa mafuta na wema.

"Halafu, shangazi, tumeshakupangia. Nimezungumza na padri na akina mama wote. Safu ikifika kwenye mpeari wa kona, watanyamaza. Watapita kimya kimya mpaka wavuke nyumba yetu. Kwa heshima yako!"

Barica aligeuza uso ukutani. Nilimwona bega likitikisika, nami nikatoka nje nikaupiga teke mti wa watu, kidole kikavimba mpaka leo hakijakaa sawa.

Asubuhi ya sikukuu Višnja alikwenda kubeba bendera. Drago aliachwa alinde. Nilipanda ngazi na kisu cha mkate. Nilimkuta Barica ameegemezwa mito, rangi yake ya jivu, pumzi inabwabwaja, ila macho yako wazi na yananingoja. Kengele zikaanza. Nikaenda dirishani nikachana utepe wa juu.

"Mama Jaga!" Drago huyo nyuma yangu. "Mama Jaga, usithubutu!"

"Ondoka, Drago."

"Akifa utasema nini kwa watu?"

"Nitasema alikufa anavuta hewa. Wewe utasema alikufa anavuta nini?"

Alinishika kiwiko. Nina umri wa mama yake, lakini nina kiwiko. Akarudi nyuma anashika ubavu, na mimi nikachana pande zilizobaki, matambara yakaanguka, yana ukungu wa kijani, mainzi makavu yakamwagika sakafuni. Nikavuta. Dirisha likafunguka kwa kelele, na hewa ikaingia, ina harufu ya nyasi na samadi ya ng'ombe. Sijawahi kunusa kitu kitamu kama samadi ile.

"Basi angalau mlango!" Drago akalia. "Mlango ufungwe, upepo usipate pa kutokea!" Akatoka, akaubamiza, na nikamsikia ananing'inia kwenye mkono wa mlango kwa nje kwa uzito wake wote. Hapo ndipo alipobaki mpaka mwisho, anaushikilia mlango asiingie wala asitoke mtu.

Safu ilikuwa inakuja. Tuliisikia toka mbali, Mara Cesarec ndiye mwanzishaji siku hizi, sauti kavu kama ukuni. Inapanda kilima, inakaribia. Barica alikuwa anahesabu pumzi za wimbo kwa kidevu. Wakafika kwenye mpeari.

Kimya.

Zikabaki nyayo. Kitambaa cha bendera kinapepea, mtu anakohoa. Nikachungulia. Walikuwa wanapita wameinamisha vichwa, wengine kidole mdomoni, wananyata kama wezi wa kuku, nyuso zimejaa utakatifu wa kujipaka. Nilitaka kuwatemea mate. Nawaambieni kweli, nilikuwa nimeshayakusanya mdomoni.

Ndipo nyuma yangu kitu kikakwaruza.

Nilidhani anakata roho. Kumbe ameanzisha. Barica Školibar, aliyewaliza watu wa viti vya velveti, alikuwa ametoa sauti ya bawaba, ina makohozi ndani, inakatika, inapaa mahali pasipofaa na kuanguka. Tena alikuwa ameanza ubeti wa pili badala ya wa kwanza. Ilikuwa mbaya, jamani. Mbaya kweli kweli. Ikatoka dirishani, na chini vichwa vyote vikainuka.

Wakaniona mimi.

"Jagica!" Ni Mara Cesarec, mikono kiunoni, katikati ya safu. "Umekuwa kichaa? Mgonjwa yumo humo na wewe unapiga kelele!"

Sauti nyuma yangu haikukoma. Nikafanya nini? Nikaanza kuchezesha midomo. Miaka yote ile nilisimama nyuma yake nikimwimbia yeye, basi siku hiyo nikasimama mbele, nikafumbua kinywa, nikampa uso wangu.

"Na unaharibu!" Mara sasa amesahau mgonjwa, amesahau padri. "Huo ubeti wa pili! Wa kwanza kwanza, we bata mzee!"

"Shuka!" mwingine akapaza. "Unapanda wapi? Shuka chini!"

Nyuma yangu sauti ikashuka. Ikaanza upya, ubeti wa kwanza. Na Mara, ambaye hawezi kuuacha wimbo uharibiwe hata kama nyumba inaungua, akaudaka ili aunyooshe. Wengine wakamdaka Mara. Safu nzima ikalipuka chini ya dirisha kwa sauti ya kifua, sakafu inatetemeka, na ndani yake, chini kabisa, bawaba ya Barica inakwaruza pamoja nao. Walimfokea mara nyingine tena, kwenye kona ya wimbo ambapo kila mtu hukosea, na mwanamke mmoja akasema, "Huyu Jagica, opera yote ile na hajajifunza kitu!" Kicheko kikapita safuni. Wakavuka, wakaenda zao kisimani.

Nikageuka. Barica kamasi zinamtiririka mdomoni, mate kidevuni, nywele zimeshikana. Hakuwa mzuri wa kutazama. Alikuwa anacheka, meno ya mbele hana tena.

"Umesikia, Jaga? Wamenifokea."

"Nimesikia."

"Wamesema naharibu."

"Uliharibu, shoga. Uliharibu vibaya sana."

Akanifinya mkono. Alikufa mchana ule ule, bata bukini wa sikukuu hajatoka kwenye jiko, na Drago bado ameshikilia mlango.

Mengine mnaweza kuyakisia. Mazishi yakafanywa na wilaya. Kwaya ya kulipwa ikaja na basi, Mikac akasoma hotuba iliyokuwa na neno "kinanda cha mbinguni", na mba zikamdondokea kwenye karatasi. Jeneza lilipoanza kushuka, kijiji chote kikapiga makofi. Hata kaburini hawakumwacha. Nilitia mikono yangu mfukoni nikaikunja ngumi.

Tangu hapo mimi ndiye niliyemuua kwa propuh. Višnja hanisalimii. Na Mara Cesarec, kila tukikutana dukani, hunitikisia kidole mbele ya watu: "Huna haya, Jagica! Mtu anakata roho na wewe unabweka dirishani, tena hata ubeti huujui!"

Namwambia ndiyo, Mara, sikuujua. Nanunua mkate wangu naondoka. Ninyi nimewaambia kwa sababu hamkai Podgrabar. Wao sitawaambia mpaka naingia kaburini, maana nawajua. Wakisikia ilikuwa sauti yake, watapiga makofi.